Siku Niliyomjibia Solange

Asubuhi ile nilitoka Kisenyi, katikati ya Kampala, bila mpango wowote. Niliamka nyuma ya duka la matairi nililokuwa nikifanyia kazi, nikamwambia mwenye duka, Msomali mmoja mpole, kwamba leo sifanyi kazi na kesho pia sitarudi. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia sijui. Akanimiminia kikombe cha chai, nikanywa nimesimama, nikaondoka na mfuko mmoja. Nikafuata reli kwa sababu ilikuwa pale.

Mvua ilinikuta Namuwongo. Nikajibanza chini ya bati la kliniki moja ya mtaani. Ndani, nesi alikuwa anamsemesha mwanamke Mkongomani kwa Kiganda, na mwanamke hajui Kiganda. Nesi akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakuelewa. Akaongeza tena, mpaka mbuzi waliokuwa wamejikinga mvua pamoja nami wakahama. Mimi nikaingiza kichwa mlangoni nikasema kwa Kiswahili, "Anakuuliza mtoto ameharisha siku ngapi." Mwanamke akasema tatu. Nikamwambia nesi tatu. Nesi akanitazama kuanzia miguu yenye matope mpaka kichwani, akasema, "Wewe kaa hapo." Nilikaa miaka ishirini na minne.

Nyinyi mnaoingia kazi hii ya ukalimani sasa, wengine mkiwa na vyeti, wengine mkiwa na simu zinazotafsiri zenyewe, nimeombwa niwaeleze kidogo ninachokijua. Nitawaeleza, lakini msitegemee maneno matamu. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mimi ni binti wa kambi. Baba alikuwa askari, Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, na kambini tulikuwa watoto wa makabila yote. Bila Kiswahili usingepata hata zamu ya kuteka maji. Shule niliiacha darasa la sita. Watu husema ni umaskini, na umaskini ulikuwepo, lakini ukweli ni kwamba nilichoka kukaa kwenye dawati moja nikiangalia ukuta mmoja. Nimeuza samaki, nimefua nguo za maafisa, nimeishi miji ambayo sikumbuki mitaa yake. Kiganda nilikiokota sokoni, Kisomali kidogo Kisenyi, na Kiingereza nilikisoma kwenye zile karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Mpaka leo ukinipa karatasi ya dawa nitaisoma yote, hadi jina la kiwanda.

Yule nesi aliyekuwa akipiga kelele, Sista Apio, ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa sauti ile ile. Usikae kati ya daktari na mgonjwa, kaa pembeni, nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ili waangaliane wao. Mgonjwa akisema "naumwa", wewe pia sema "naumwa", usiseme "anasema anaumwa", kwa sababu ukisema "anasema" daktari anaanza kuongea na wewe na mgonjwa anageuka kuwa mzigo uliouleta. Usiongeze. Usipunguze. Na kabla hujafungua mdomo, angalia ni nani mwingine yuko chumbani. Hilo la mwisho alilisema mara nyingi kuliko yote. Nilidhani anazeeka.

Kosa la kuongeza na kupunguza nililifanya mapema. Kulikuwa na sajenti mmoja mstaafu, mtu wa kaskazini, tumbo linamsumbua. Akaniambia, "Mwambie daktari dawa yake ni takataka, afadhali ningekula udongo." Mimi, kwa heshima niliyolelewa nayo, nikamwambia daktari kwamba mzee anashukuru na dawa inasaidia kidogo. Daktari akafurahi, akamwandikia ile ile. Mara tatu. Mara ya nne sajenti alichoka, akakusanya Kiganda chake chote kilichovunjika na kumtupia daktari mwenyewe, na daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akabadilisha dawa. Sajenti akanigeukia taratibu: "Binti, siku zote ulikuwa unamwambia nini?" Wiki ile nzima Sista Apio alinisugulisha mabenchi.

Ningekuwa nimejifunza siku ile, nisingekuwa na la kuandika.

Daktari mwenyewe alikuwa Daktari Ssali, mwenye kliniki. Hakuwa bingwa wa kitu chochote. Alikuwa daktari wa mtaa, yule ambaye familia nzima inamwendea kwa malaria, kwa jino, kwa presha ya bibi na kikohozi cha mtoto. Akikuona njiani anasimamisha gari na kukuuliza kama ulimaliza vidonge. Alijua majina ya watoto wa watu na nani amegombana na nani. Nawaambia mapema kwamba alikuwa mtu mwema. Mtu mbaya unamkasirikia mara moja ukamaliza. Huyu bado sijamaliza.

Solange alikuwa mmoja wa watu wake. Alitoka upande wa Bukavu, akitembeza vitenge begani hapo Namuwongo, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha pembeni. Mume wake, Bahati, aliendesha lori la kwenda Juba. Mimba yake ya kwanza ilitoka mwezi wa tano. Alikuwa anakunja vitenge, akahisi maji. Hakuumwa. Alikuja kwa miguu, mimi nikiwa kwenye benchi langu, na mpaka anapanda kitandani kila kitu kilikuwa kimekwisha. Daktari Ssali alimhudumia kwa upole, akampima malaria, akaikuta, akaitibu, na akasema Mungu atampa mwingine. Nilitafsiri neno kwa neno. Sina ugomvi na siku hiyo.

Mwaka uliofuata ikatoka tena. Mwezi wa tano, bila maumivu, mchana kweupe. Daktari Ssali akapima malaria tena. Safari hii hakuiona, lakini akatoa dawa ya malaria vilevile, na vidonge vya damu. Solange alipotoka nilimuuliza daktari kwa nini hampeleki kwa daktari bingwa wa uzazi. Akaniambia, "Akello, kule watamfanya namba. Mimi namjua." Nikaona ni maneno ya upendo, nikanyamaza. Leo nayaona ni maneno ya mtu asiyetaka kusema hajui.

Hapo ndipo Mama Bahati alipofika kutoka Bukavu, mama mkwe wa Solange. Hakuwa ameambiwa habari ya mimba hizo mbili. Bahati na Solange walikubaliana kumficha, kwa sababu mama alikuwa ameshaanza kumtaja binti fulani wa kanisani kwao, mwenye nyonga nzuri, kila anapopiga simu. Alichojua ni kwamba walikuwa bado wanasubiri. Basi Solange aliposhika mimba ya tatu, Mama Bahati alipiga vigelegele na kuamua mwenyewe: mimba ya kwanza ya mwanawe wa kwanza haiwezi kuangaliwa kwenye kliniki ya mabati. Iende kwa bingwa. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa, na sababu yake ilikuwa uongo mtupu.

Tukaenda watatu, tukavuka mji mpaka upande wa Kasubi, kwenye hospitali ambayo bingwa huyo, Daktari Nambi, alikuwa na zamu. Mama Bahati akakaa kiti cha karibu na meza. Ndivyo ilivyo kwao na kwetu pia: mama mkwe akiwepo, mkwe hasemi mambo ya chumbani, anaangalia chini na mkubwa anaongea. Daktari Nambi hakuinua kichwa. Aliandika huku anauliza kwa Kiingereza: hii ni mimba ya ngapi, na zilizotangulia ziliishaje.

Swali nilikuwa nalo mdomoni. Nikimuuliza Solange kwa Kiswahili, mama anasikia. Solange akijibu kweli, ndoa imekwisha pale pale kwenye kile kiti. Akijibu uongo, amedanganya mbele ya daktari kwa kinywa chake. Nikaona njia ya tatu. Nilimgeukia Solange nikamuuliza kama anatapika asubuhi. Akasema kidogo. Nikamgeukia daktari nikamwambia hii ni mimba ya kwanza. Daktari akaandika moja. Mama Bahati akatabasamu. Tulipokuwa tunatoka Solange alinishika mkono akaubana kwa nguvu, na mimi nikatembea mpaka stendi nikijiona mwanamke mwerevu kuliko wote Kampala.

Sasa sikilizeni. Mama Bahati hakujua Kiingereza hata neno moja. Ningeweza kusema kweli mbele ya pua yake na asijue. Nilichoogopa ni uso wa daktari: kwamba angeinua kichwa, angemtazama Solange kwa huruma, na mama angeusoma ule uso. Na ningeweza kufanya kitu rahisi zaidi. Ningemwomba daktari amtume mama nje akapimwe presha. Hakuna mama mzee anayekataa kupimwa presha. Dakika tano tu, mlango umefungwa, na maswali yote yanaulizwa. Hila hii nimeifundisha kila mtu aliyepita mikononi mwangu tangu siku hizo, na kila ninapoifundisha naona aibu, kwa sababu niliijua hata siku ile. Sista Apio alinifundisha. Sikuitumia kwa kuwa nilijiona tayari nimemwokoa mtu.

Ilitoka wiki ya kumi na tisa. Solange alikuwa amekwenda hospitali mapema na kadi yake ya mimba ili apimwe, ameketi kwenye foleni, akahisi maji. Nilipofika hospitali Daktari Nambi alikuwa ameshamaliza naye, na Bahati, kwa simu kutoka barabarani, alikuwa amelia na kusema wazi kwamba hii ni ya tatu. Mama Bahati alikuwa amesimama pale pale, amesikia. Daktari akanivuta kwenye korido na kadi mkononi.

"Hapa pameandikwa ya kwanza. Nani alisema?"

"Mimi."

 Akaniambia kwa Kiganda cha taratibu, kama anayefundisha, kwamba mimba zikitoka mwezi wa tano, bila uchungu, mara mbili, yeye hufikiria mlango wa kizazi ambao hauna nguvu ya kushika. Angeupima kila baada ya wiki mbili. Pengine angeushona kwa uzi mapema, mwezi wa tatu, na kuutoa uzi karibu na kujifungua. Hakuahidi kwamba mtoto angepona. "Lakini ningejua natafuta nini."

Nikamwambia kwamba na yeye siku ile hakuinua kichwa. Akasema alikuwa na wagonjwa arobaini.

"Mimi nilikuwa na mmoja tu," nikasema.

Akaingia ndani. 

Baada ya hapo kila mtu mtaani akawa na maoni. Bahati alitaka bingwa. Wanawake wa kanisa walitaka maombi na Daktari Ssali. Daktari Ssali mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba yeye alimtunza Solange miaka yote, na siku moja tu alipokwenda kwa bingwa ameona matokeo. Daktari Nambi naye, alipotajiwa kliniki ya Namuwongo, alisema asipoteze tena muda kwenye vyumba vya malaria. Madaktari wawili, mji mmoja, kila mmoja anamvuta yule mwanamke upande wake, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu kwa mwenzake. Simu wote walikuwa nazo. Nilikuwa naziona zinamulika mifukoni mwao. Mama Bahati alibaki nyumbani, anapika chakula cha watu wawili na kupakua cha mmoja, cha mwanawe akiwa amerudi safari; Solange hapakuliwi. Bahati alikuwa anamwachia mkewe sahani yake na kwenda kununua chapati njiani.

Siku moja Solange alikuja kukaa nami kwenye benchi. Alikuwa amekonda mpaka vitenge vinateleza begani. Akaniuliza, "Mama Akello, niende kwa nani?"

Mkalimani hatoi ushauri. Hiyo ni kanuni, na ni nzuri. Lakini nilijua siwezi kumjibu hilo wala kutomjibu kabla sijamwambia jambo jingine. Nikamwambia. Nikamweleza swali alilouliza daktari siku ile, na jibu nililolitoa mimi.

Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayesubiri niseme natania.

"Mimi nilijua ulimwambia kwa Kizungu," akasema. "Nilijua umemwambia kweli na mama hakusikia. Njo maana nilikushika mkono."

Sijawahi kupigwa na mtu namna ile, na nimepigwa na askari. Miezi yote ile alikuwa ametulia kwa sababu alidhani daktari anajua. Alikuwa anakwenda kwenye foleni, anarudi nyumbani, anakunja vitenge, akiamini kwamba kuna mtu mkubwa anayejua na anaangalia.

Nikasema nilimhurumia.

"Usinihurumie tena," akasema. "Sema tu."

Tulikaa mpaka mabenchi yakaisha watu. Kisha akasimama, akajitengeneza nguo, akaniambia tuingie kwa Daktari Ssali. Anataka barua.

Daktari Ssali alikuwa anakunywa chai. Solange alimwambia anataka aandike mimba zote, ya kwanza, ya pili, ilikuwa mwezi gani, ilianzaje, aliumwa au hakuumwa, na dawa alizopewa. Nilitafsiri. Daktari akaweka kikombe chini akasema barua haihitajiki, yeye yupo, kila kitu kiko kichwani mwake. Nilitafsiri. Solange akasema kichwa chake hakiwezi kupanda boda kwenda Kasubi. Hilo nililitafsiri kwa raha kidogo, nakiri.

Daktari akanigeukia mimi. Akasema tangu lini nimekuwa wakili wa mgonjwa. Hapo nilifanya jambo ambalo kwa miaka yote sikuwahi kulifanya: niliondoka nyuma ya bega la Solange nikaenda kusimama mbele ya meza, nikamwambia sasa sitafsiri, sasa nasema mwenyewe. Nikamwambia mimi nilisema uongo, na yeye alinyamaza, na hatuwezi wote wawili kuendelea kuitwa watu wema wakati huyu mwanamke anazika.  Wagonjwa wa nje walisogea mlangoni kusikiliza.

Daktari akaandika. Mistari mitatu, akapiga muhuri. Solange hakuichukua. Akaniambia nimsomee kwa Kiswahili, neno kwa neno, na nirudi kwenye nafasi yangu. Nikarudi nyuma ya bega lake nikasoma. Nilipofika mwisho Solange alimwangalia daktari, hakuniangalia mimi.

"Ya pili iko wapi?"

Daktari alikuwa ameandika mimba ya kwanza na malaria yake, kisha akaruka mpaka ile iliyotoka akiwa kwa bingwa. Ile ya pili, ambayo hakuielewa, hakuiandika. Labda alisahau kweli. Akaivuta ile karatasi, akachukua nyingine, akaandika upya, na safari hii kalamu ilikwenda kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa. Mwisho aliandika kwa mkono wake kwamba alipaswa kumpeleka kwa bingwa baada ya ile ya pili. Hakuna aliyemwomba aandike hilo. Ndiyo sababu nawaambia bado sijamaliza kumkasirikia. Kila nikitaka kumaliza nakumbuka mstari ule.

Wasichana mnaosoma hili si kwa ajili ya ukalimani bali kwa sababu yamewakuta, mimi si daktari. Niliacha shule darasa la sita. Lakini nimesimama nyuma ya mabega mengi na nimesikia madaktari wengi wakisema yale yale, kwa hiyo nitawapa nilichosikia. Mimba ikitoka mapema, mara moja, na damu ikakata, na huna homa wala harufu mbaya, daktari wa mtaa anayekujua mara nyingi anatosha, na pengine ni bora, kwa sababu atakuona njiani wiki ijayo na kukuuliza unalala vipi. Ikitoka mara ya pili, au ikitoka baada ya mwezi wa nne hata mara moja, usikubali kuambiwa ujaribu tena tu. Uliza sababu. Omba upelekwe kwa bingwa wa uzazi, na uombe kwa sauti. Damu ikimwagika bila kusimama au mwili ukiwa moto, usimchague mtu yeyote, nenda hospitali iliyo karibu saa ile ile. Na wakikwambia uchague mmoja kati ya hao wawili, waulize kwa nini hawawezi kuandikiana barua.

Maana Solange alikwenda kwa bingwa, lakini aliyegundua kwamba Solange hali chakula wala halali usingizi ni Daktari Ssali. Daktari Nambi alimchunguza vizuri sana kuanzia kitovuni kwenda chini. Juu ya kitovu hakuuliza kitu. Daktari Ssali ndiye aliyemwambia Bahati apunguze safari, akamwambia Solange aje kila Ijumaa hata kama haumwi, na walikuwa wanakaa pale dakika kumi wakiongea mambo ya vitenge. Alinuna miezi miwili kwanza kwa ajili ya ile barua. Kisha siku moja nikamsikia yuko kwenye simu anamwambia mtu, "Daktari Nambi, habari za kazi," nikatoka nje nisije nikasema neno la kuharibu.

Nanyi wa simu zinazotafsiri. Nimezijaribu, ni kali, zinajua Kilingala kuliko mimi. Lakini simu haijui kwamba yule mama aliyekaa kiti cha karibu na meza ni mama mkwe. Itauliza swali kama lilivyo, wazi, mbele yake. Mimi nililificha. Yote mawili ni makosa, na la kwangu lina jina la mtu.

Mimba ya nne ilikuja. Barua ilikuwa juu ya meza, kadi iliandikwa nne, na Daktari Nambi siku hiyo alikuwa ameinua kichwa kabla hatujakaa. Wiki ya kumi na tatu alimshona. Akamwambia asibebe mzigo, asipande boda, asikae mbali na hospitali. Kutoka Namuwongo kuvuka mji mzima saa za foleni ya magari, ukiwa umehisi maji, ni sawa na kutokwenda. Na kule nyumbani bado kulikuwa na Mama Bahati na chakula chake cha mtu mmoja. Bahati akasema tafuteni chumba huko huko.

Mtoto alizaliwa, ni msichana, ana mdomo kama wa mama yake na hanipendi. Nawaambia sasa ili msinisumbue kwa kuuliza. Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni siku ya kutafuta chumba.

Tulishuka Kasubi saa nne asubuhi, mimi na Solange na mfuko wa nguo, na dumu tupu la maji ambalo alikataa kuliacha. Hakuna aliyetujua mitaa ile. Tuliuliza kwenye duka la mkaa, tukaelekezwa kwa mjane mmoja wa polisi mwenye vyumba vya kupangisha. Wote walimwita Nnalongo, kwa kuwa alizaa mapacha. Kwa Waganda hilo ni cheo na anayekiacha anaonekana hana adabu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya polisi, nikajisikia nyumbani. Akatuambia masharti kabla ya salamu kuisha. "Hapa sitaki kerere. Choo tunaosha kwa zamu. Maji iko chini kwa bomba." Chumba kilichokuwa wazi, akasema, kiko nyuma, na akaanza kutuongoza. Nyuma kulikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, ndefu, za kupanda mlima, zinateleza kwa mvua ya asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa kukubali. Tulikuwa tumechoka, na chumba ni chumba.

Akasimama kwenye ngazi ya kwanza akageuka. Anapenda kujua watu wangapi wanakuja kulala kwake. "Batoto iko ngapi?"

Nilifungua mdomo. Baada ya miaka yote ile ya kazi mdomo unafunguka wenyewe. Nilikuwa na jibu zuri tayari, la adabu, la kumpitisha Solange mbele ya mwanamke ambaye hata jina lake linahesabu watoto.

Solange alitangulia.

"Nilibeba batatu. Bote balikufa, mwezi wa tano. Huyu ni wa ine. Wameshona mlango kwa uzi. Sibebe maji, sipande milima."

Nnalongo alimtazama. Hakunitazama mimi wala hakuniuliza kitu. Alishuka ngazi moja aliyokuwa amepanda, akamwondolea Solange lile dumu mkononi, akatoa mfukoni ufunguo mwingine.

"Basi si cha nyuma," akasema. "Cha mbere kuna mwanafunzi. Atahama reo."